Mtama wa Mama Anjela

Namshukuru Mungu kwa jirani asemaye kweli, hata kweli hiyo inaponiaibisha mbele za watu.

Mpangaji wangu hapa Mbagala, Mama Anjela, ni mjane Mkristo kutoka Songea. Alipanda mtama nyuma ya nyumba, akavuna vizuri. Juzi, yeye akiwa sokoni, niliukuta mtama huo chini ya gunia, umelowa chapachapa na umeota vijimizizi. Mie niliyewahi kupanga foleni ya unga, moyo uliniuma. Nikajua mvua imemharibia chakula chake.

Kwa kuwa nina huruma nyingi kuliko maswali, sikumngoja. Baada ya sala ya alasiri nilisimama msikitini nikawaeleza waumini habari za mjane yule. Waliguswa, Mungu awalipe. Jana tukafika kwake mimi na wazee wenzangu, Mzee Shomari akiwa na gunia la mtama mkavu begani.

Mama Anjela alipiga magoti. "Shikamooni wazee wangu. Ahsanteni sana."

Angeweza kupokea akanyamaza. Lakini alinitazama, machozi yakimlengalenga.

"Baba, naomba usinifukuze. Siwezi kuwadanganya. Ule mtama haujaharibika, nimeulowesha mwenyewe uote. Ni kimea, cha pombe ya harusi ya Anjela."

Nilitafuta pa kutazama nisipaone. Mzee Shomari, gunia bado begani, akaniuliza kwa upole:

"Sasa Maalim, na huu tumloweshee?"