Vichwa Vilivyoliwa

Nilisikia mkwaruzo kabla sijawasha taa ya chumba kisicho na dirisha: mwepesi, wa kitu kikavu kinachotafunwa bila haraka. Ulitoka rafuni, kwenye vichwa vya wanasesere wangu.

Nilishika kimoja nikakitikisa. Mende watatu walitokea mdomoni, na mmoja akanipanda hadi kiwiko. Nilikitupa, nikainama juu ya ndoo, nikatapika chai.

Wanasesere tisa, kazi ya msimu mzima wa mvua, katika chumba cha mtaa wa Doornfontein, ugenini kusini mwa Afrika, nilichochangia na mama mmoja wa Bukavu, fundi cherehani. Niliwafinyanga kwa magazeti na uji mzito wa sembe, kwa kuwa utotoni Tanga tulibandika tiara kwa uji na zikapaa. Sikuwaza kwamba tiara hukaa juani, na kichwa kina giza ndani.

Kesho yake alikuwa anakuja Mkenya mwenye duka la sanaa, kuchagua vya kuweka kwenye maonyesho. Niliyataka maonyesho yale kwa uchu ulionitia aibu.

Yule mama alipofika akaviangalia vile vichwa, akacheka mpaka akakaa chini. "Wee mutoto! Ile ni bugali, si gundi. Umewapikia mende, bamekula bote bameshiba."

Niliwapulizia mende dawa, nikachukua plasta nizibe matundu waliyotafuna. Mama akanishika mkono.

"Nguo ndiyo banafumua, banashona tena. Mutoto wa bandia akishapata sura, ni yake ile."

Sikukubali. Nilichoka tu, na harufu ya dawa na uji uliochacha ilinifukuza nje kabla sijaziba hata tundu moja.

Mkenya alikuja amevaa viatu vyeupe. Alimwinua mwanasesere aliyeliwa shavu.

"Dada, hii ni moto! Watu wamechoka na vitu laini laini. Hii kasoro ndiyo roho yake." Akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha taratibu. "Ulitumia kifaa gani?"

Cherehani ya mama ikanyamaza. Patasi, ningeweza kusema. Neno lilikuwa tayari ulimini, na kilichonikirihi zaidi ya kile kidole ni jinsi lilivyokuwa tamu.

"Mende," nikasema.

Akacheka. Akamgeuza mwanasesere, na bawa la kahawia likamdondokea kiganjani, na mguu wenye miiba midogo. Alimweka chini kama anayeweka sahani chafu, akajifuta kwenye suruali, mara mbili, tatu.

"Nitakupigia," akasema, akielekea mlangoni.

"Kaka," mama akamwita, "kasoro yako imebaki hapa chini. Hauibebi?"

Hakugeuka. Nilimwokota mwanasesere, ngozi ikinisisimka kwa kinyaa, nikamrudisha rafuni, shavu lililoliwa likitazama mbele. Plasta niliitupa kwenye ndoo. Mkenya alivuta mlango kwa ncha za vidole, ukafungwa nyuma yake.