Miwani na Njia ya Baba Mkwe

Katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimshika baba mkwe mikono yote miwili, nikamtazama usoni, nikamwuliza kama ng'ombe wake amezaa dume au jike.

Msomaji wa kwetu Rungwe ataelewa kwa nini nimeanza na hilo. Kwa wengine naeleza. Mwanamke aliyeolewa katika ukoo wa Kinyakyusa unaoshika mila hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayetoka. Anaingia kwenye majani, anageuka mgongo na kuinama mpaka mzee apite. Sauti yake nayo haitakiwi kusikika. Kwa Kinyakyusa, kumkwepa mkwe namna hiyo kunaitwa kwa neno lile lile la kuogopa. Wakwe zangu walikuwa Wakristo wa miaka mingi, mama mkwe akiimba kwaya ya akina mama, na mila hiyo waliishika bila kuona tatizo lolote.

Mimi macho yangu hayaoni mbali. Mtu akiwa hatua kumi kutoka nilipo hana uso. Ana rangi, ana urefu, ana mwendo, basi. Nilipimwa na kupewa miwani nikiwa chuo cha ualimu, na nilipoolewa huku Lufingo nilikuja nayo. Siku ya tatu mama mkwe aliniita nyuma ya jiko akaniomba niivue niwapo nyumbani na njiani. Hakuwa mkali. Alisema bibi arusi mwenye miwani anaonekana kama mkaguzi aliyetumwa na wilaya.

"Halafu, mwanangu, hata ukiinama yenyewe inatazama," alisema. "Inang'aa. Mzee atajua unamtazama."

Nikakubali. Miwani ikawa ya shuleni, ikilala kwenye droo ya meza yangu pamoja na chaki. Kwingine nilitegemea utaratibu niliojizoeza tangu utoto, wa kuwajua watu kwa nguo zao. Haukuwa utaratibu mbaya. Miaka hiyo mwanaume mzima wa kijijini alikuwa na koti moja, alilivaa mvua na baridi, kanisani na kwenye chai, mpaka likachukua umbo lake. La baba mkwe lilikuwa la kijani lililopauka. Mzee wa kanisa, jirani yetu wa upande wa juu, alikuwa na koti refu la kahawia. Kijani kikitokea mbele yangu, naingia kwenye chai na kugeuka mgongo. Mara kadhaa nilimgeuzia mgongo mgomba. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa akinicheka. "Wifi, mbona unatembea kama uliyeangusha sindano?" Nilicheka naye. Kwa miezi minane sikukosea kwa mtu.

Kisha biashara ya nje ikafunguliwa, na marobota ya mitumba yakaanza kushushwa Tukuyu. Siku ya gulio makoti yalimwagwa juu ya maturubai, ya sufu, ya mvua, yenye vifungo vya shaba, na watu waliokaa na koti moja kwa miaka kumi wakarudi nyumbani wamebadilika. Nami nilikwenda, nikanunua sweta, nikafurahi kama wengine. Haikunipitia akilini kwamba mambo ya makoti yalikuwa yananihusu mimi kuliko mtu yeyote pale.

Ilikuwa msimu wa baridi, asubuhi, nikienda shule. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai na njia ilionekana vipande vipande. Mbele yangu akatokea mtu mrefu mwenye koti refu la kahawia. Nilijua ng'ombe wa mzee wa kanisa alikuwa amezaa usiku ule. Nikaharakisha, nikamwamkia "Mugonile," nikamshika mikono, nikauliza swali langu.

Macho yangu yana sifa moja: vitu vya karibu yanaviona sawasawa. Kwa umbali ule niliona kila kitu. Niliona kovu dogo chini ya kidevu, ndevu nyeupe zilizonyolewa vibaya upande mmoja, matone ya ukungu kwenye nyusi. Uso ule sikuwa nimewahi kuuona, na ulikuwa uso wa mume wangu ukiwa umezeeka. Hapo nikaelewa kwamba naye alikuwa amenunua koti gulioni. Niliinamisha kichwa upesi sana hata sikuangalia kitu ambacho baadaye nilitamani mno kuwa nimekiangalia, yaani mboni za macho yake. Aliitoa mikono yake taratibu, akapita. Nilibaki nimesimama mpaka kengele ya shule ikalia mara ya pili.

Jioni wazee wa ukoo walikaa. Mimi sikuitwa. Mama mkwe alikuja kuniambia yaliyosemwa, tukiwa jikoni, naye akitazama moto.

"Wamesema mara moja ni macho. Mara ya pili si macho tena, ni wewe. Mara ya pili utarudi kwenu, na mizigo tutakuletea."

Nilimwomba anirudishie ruhusa ya kuvaa miwani, maana ndiyo ingenizuia kukosea. Akasema wazee walishalizungumza hilo, na wakaona kwamba mwanamke aliyemshika mkwe mikono leo, kesho akitokea na miwani usoni, itaonekana amekuja kumalizia kumtazama.

Kuanzia siku ile niliogopa kila mtu. Nilimpisha mzee wa kanisa, nikampisha muuza mafuta ya taa, nikampisha mwanafunzi wangu wa darasa la saba aliyevaa koti la baba yake, naye akasimama akiniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nilianza kutoka nyumbani kabla watu hawajapita na kurudi kwa njia ya kijitoni, ndefu mara mbili. Usingizi ulikuwa wa vipande. Mume wangu alikuwa amejiunga na wenzake kupeleka ndizi na viazi Dar es Salaam kwa Fuso, na siku nyingi hakuwepo. Aliporudi nilimweleza. Hakubishana na wazee wake. Alisema tu kwamba Mbeya limefunguliwa duka la miwani la mtu binafsi, na mlangoni ameona tangazo la lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Hakuna atakayeziona.

Tulikwenda. Mtaalamu wa duka alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe. Alinipima, akanionyesha lenzi kwenye ncha ya kidole, nyembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Aliniuliza maswali mengi kabla ya kuniuzia, na ninayakumbuka yote kwa mpangilio wake. Unapikia nini? Maji yenu yanatoka wapi? Dawa ya kusafishia ikikwisha utaipata wapi? Mwisho akasema, "Dada, kwa unakoishi mimi ningekushauri miwani. Lenzi ni za mtu mwenye bomba na umeme." Nikamwambia miwani haiwezekani. Alinitazama akisubiri sababu. Nikaanza kuhesabu fedha. Baada ya wiki tatu lenzi zikaletwa kutoka Dar.

Asubuhi ya kwanza nilisimama juu ya mteremko wa nyumba yetu na kuona ng'ambo ya bonde. Niliwaona wachumaji wa chai mmoja mmoja, vikapu mgongoni, mikono ikienda. Nilimwona baba mkwe akipanda kutoka kijitoni, mbali kabisa, nikaingia kwenye migomba yeye akiwa bado hajafika njia panda. Nilikaa humo nikilia kwa raha ya kuwahi. Kwa wiki kadhaa niliwahi kila mara.

Lakini kuni za kwetu ni mbichi mwaka mzima, na jiko ni la moshi. Moshi ukiingia, lenzi ziliwaka. Nikizitoa ili nipike, naogopa kutoka nje. Nikizivaa, napika nikiwa nimefumba jicho moja. Kisha dawa ya kusafishia ikakwisha. Nilizunguka maduka yote ya dawa Tukuyu mpaka Ibighi, na wauzaji walinitolea dawa za matone za kila aina, yangu haikuwepo. Fuso la mume wangu, ambalo lingeniletea nyingine kutoka Dar, lilikuwa limeharibika njiani. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikafanya nilivyoweza.

Jicho la kushoto lilianza na wekundu. Siku ya pili lilikuwa kama lina mchanga. Siku ya tatu mwanga wa mlangoni ulinichoma mpaka kisogoni, na bado niliivaa lenzi, kwa sababu ilikuwa siku ya kwenda kanisani na njia ingejaa watu. Nataka hilo lieleweke kama lilivyokuwa. Nilijua naharibu jicho. Nilikuwa nalinganisha jicho na ndoa, na kwa siku ile ndoa ilikuwa nzito zaidi.

Hospitalini Tukuyu bahati iliniangukia, maana ilikuwa ndiyo siku ya daktari wa macho anayekuja kutoka Mbeya mara moja kwa mwezi. Alinimulika kwa muda mrefu. Halafu akasema nina kidonda kwenye kioo cha jicho, na kwamba ningekawia siku mbili zaidi tungekuwa na mazungumzo mengine. Alizichukua lenzi zote mbili akazitupa mbele yangu. Akanifunga jicho la kushoto kwa pamba na bandeji. "Miwani," alisema. "Kama kuna mtu nyumbani haitaki, mwambie aje kwangu nimwonyeshe jicho hili." Nilikuwa nimeitoa shuleni na kuitia mkobani, nikaivaa juu ya bandeji.

Ndivyo nilivyoshuka njia ya kwetu alasiri ile. Hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa nyuma yangu, chai imekatwa usawa na inang'aa, na kwa jicho moja niliona mpaka chini. Nilimwona akija anapanda, koti la kahawia, fimbo mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nikatoka njiani, nikaingia ndani ya chai hatua tatu, nikageuka mgongo, nikainama.

Nyayo zilikuja, taratibu, zikasimama nyuma yangu.

"Ni nani hapo?" aliuliza kwa Kinyakyusa.

Sikujibu. Kujibu kulikuwa ni mara ya pili. Nilisikia pumzi yake, ya mtu aliyepanda mlima. Nilishika kichaka cha chai kwa mikono miwili.

"Ni nani?" alirudia, kwa sauti ya chini zaidi, karibu ya kuomba.

Alisubiri. Kisha fimbo ikagonga jiwe, nyayo zikaendelea kupanda. Sikuinuka mpaka zilipokwisha kabisa.

Mama mkwe alipoiona bandeji alikaa chini. Alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku, na sikuhitaji kumtaja daktari. Alikwenda mwenyewe kwa wazee. Aliporudi alisema nivae miwani, ila nikimwona mzee nigeuke mapema sana, kabla haijang'aa. Jicho lilipona kwa wiki tano. Limebaki na doa dogo jeupe, na nikitazama taa naiona ina duara. Sitarudi kwenye lenzi. Hofu yangu ya njiani imekwisha, na nafasi yake imechukuliwa na nyingine.

Mtu anayemwona mkwe wake kwenye chai, amegeuka mgongo kama mila inavyotaka, hamuulizi ni nani. Anapita. Tena ile asubuhi ya ukungu, mimi ndiye niliyekuwa sioni, lakini yeye? Aliniachaje nimfikie mpaka nimshike? Nimejaribu kulichunguza jambo hili kwa haki. Jua lilikuwa linampiga machoni. Bandeji na miwani vilinifanya mgeni. Na watu wanaoiba majani ya chai husimama humo humo. Siku moja nilimwuliza mume wangu, kama mtu anayepiga soga, macho ya baba yakoje. Alicheka. "Baba? Anakuhesabia ng'ombe wa ng'ambo." Nilimwuliza lini mara ya mwisho amemsikia akiwahesabu. Akafikiri, akasema ni zamani kidogo.

Zaidi ya hapo siwezi kuuliza bila kueleza kwa nini nauliza. Nikisema alisimama nyuma yangu akaniuliza mimi ni nani, nimesema amezungumza nami, na hiyo ndiyo mara ya pili. Mume wangu hamfichi mama yake kitu. Mama mkwe hawafichi wazee.

Daktari wa macho amekuja Tukuyu mara tatu tangu alasiri ile, na hakuna aliyempeleka mzee. Dirisha la darasa langu linatazama kijito, na kila asubuhi baba mkwe anavuka juu ya magogo mawili kwenda kwenye chai yake. Kumtazama hata kwa mbali hivyo hakuruhusiwi. Namtazama. Anavuka polepole, fimbo ikitangulia. Wazee wengi wanavuka polepole.