Mchuzi wa Mmea

Kabla ya masika niliwakuta dukani Kisarawe karani wa Boma na mkewe. Karani, mwembamba aliyekonda, alikuwa ameshika kopo lenye mmea mdogo mwekundu alioutoa bondeni Mbwawa, ambao majani yake hunata na kunasa wadudu. Ulikuwa umesinyaa.

"Naupa mchuzi wa nyama kila siku, nao unazidi kufa," alimlalamikia mwenye duka.

"Mchuzi wa chakula chetu," mkewe akaongeza kwa upole.

"Huo hujitafutia wenyewe nzi wake," mwenye duka akasema. "Upe maji ya mvua na jua la kutosha."

Mke akalichukua kopo. "Utakaa dirishani jikoni. Mchuzi tutakula sisi."

Masika yalipokwisha niliwapitia. Mmea ulikuwa umejaa majani mapya, na karani amenawiri. Kumbe mchuzi ule ulikuwa umepotea njia.