Wimbo Uliopigwa Mara Tatu

Redio yetu ilikaa katika chumba cha nyuma cha shule ya Wamethodisti, kati ya choo na bohari ya chaki. Mwanzilishi wake, mwalimu wa hesabu, aliunda mtambo kwa vyuma vya redio mbovu na betri ya lori, kisha akatangaza kwamba mji wetu wa Kamina umeshiba rumba, sasa utaonja roki. Mimi, mwalimu wa kike wa darasa la tatu, nilisoma matangazo na kuweka kaseti. Hatukusikika mbali kuliko stesheni ya reli, lakini tulijivuna kana kwamba dunia nzima inatusikiliza.

Jirani yetu, mama mmoja Mkatoliki aliyeuza unga wa muhogo, hakutupenda hata kidogo.

"Hii njo muziki gani?" aliuliza dirishani. "Munachinja mbuzi mu redio?"

Vita vilipoanza, mwanawe wa pekee aliingia jeshini, akatuachia kaseti zake zote, ambazo zilikuwa nzuri kuliko zetu. Tangu siku hiyo mama hakututukana tena.

Si kwa sababu ya kaseti, bali ya desturi ya redio yetu. Mtu wa mji akifa, tulizima magitaa, tukaweka nyimbo za kanisa mpaka maziko. Wala hatukutangaza kabla wajomba hawajamwambia mama wa marehemu kwa mdomo wao. Redio ikiwatangulia, ni tusi. Basi mama yule akawa anapita kila asubuhi kabla ya soko kusikiliza. Magitaa yakilia, alicheka, akaenda zake: mtoto yuko mzima. Nilimpenda sana.

Asubuhi moja mwalimu wa hesabu alirudi kutoka kwenye foni ya misheni, ile redio ya kuzungumza na miji mingine, akafunga mlango. Kijana ameuawa vitani. Mjomba wake yuko kijijini, ametumiwa mtu wa baiskeli, atafika alasiri.

"Mpaka pale, mupige kama kila siku," akaniambia.

Kama kila siku! Ningeweza wapi? Mama alikuwa amekwisha simama dirishani na beseni lake, akitabasamu. Nikaweka wimbo ambao kijana aliupenda kuliko zote, ili mama aufurahie angali anaweza. Ulipokwisha nikaurudia. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mimi nilitenda wema nikang'ang'ania pale pale, nikaurudia tena.

Mama akaingia ndani. Hakuwahi kuingia.

"Haukupigaka hii mara tatu hata siku moya," akasema. "Mutoto yangu alikufa?"

Kujibu sikuwa na ruhusa, na kudanganya sikuweza. Nikatazama meza. Akaelewa. Akaliweka beseni chini taratibu, unga usimwagike, akakaa sakafuni. Nilijichukia kwa huruma yangu ya kijinga. Nikanyoosha mkono nizime, maana sasa amekwisha jua, na desturi ilitaka nyimbo za kanisa.

Akanishika gauni.

"Usizimishe," akasema. "Ukizimisha, bantu batafika na kilio. Acha kwanza akuwe muzima kidogo."

Wimbo ukaisha. Nikageuza kaseti upande wa pili, nikaketi chini karibu naye.