Mlinzi wa Redio Isiyoimba

Mdogo wangu wanamwita Mlingoti, na jina hilo hakupewa kwa urefu. Nusu ya umri wake aliishi kilimani, chini ya mlingoti wa redio ya kampuni ya maji, kwenye nyumba ya chumba kimoja na jiko la nje. Watu wakisikia redio hudhani ni ya kuimba. Hii haikuimba wala haikusema. Ilibeba hesabu tu: pampu za mtoni zimeanza, tangi la mjini limejaa. Kwa kuwa kilima kimekaa katikati ya mto na mji kama mgeni asiyeaga, redio ya juu ndiyo iliyopokea ya huku na kuyapeleka kule. Ikinyamaza, pampu hazijui tangi limefika wapi. Ama maji yamwagike, ama mji ukauke.

Zamani alikuwa na kazi hasa. Alipanda, akakaza nati za antena, akaigeuza kidogo kidogo huku mwenzake wa mtoni akimwelekeza kwa simu ya upepo. "Kushoto, bwana... umepitiliza! Rudi, rudi kama unavyorudi ukiitwa na mkeo!" Mkewe alikuwa hai wakati huo, na alicheka kuliko wote.

Kisha mke akafariki, yule wa mtoni akastaafu, na zikaja redio mpya. Hizi hujipima zenyewe. Betri ina nguvu kiasi gani, joto la kabatini likoje, mawimbi yanafika vizuri au yanakwamakwama, yote huyapeleka ofisini mjini, ambako binti mmoja hukaa mbele ya skrini. Kila kitu kikiwa kijani, hana haja ya kumpigia mtu. Na mimi si mtu wa kusema uongo kwa ajili ya undugu: redio hizo zilikuwa nzuri. Hazikuharibika.

Basi akabaki na mashine isiyomhitaji. Aliniambia, "Dada, naweza kumaliza wiki sijatumia koo."

"Hamia kwangu."

"Na kilima nimwachie nani?"

Nilimbeba mgongoni huyu, namjua. Akisema hapana, hata ulie machozi ya damu ni hapana.

Asubuhi moja akafungua mlango wa kabati la redio afute vumbi, simu yake ikalia.

"Babu, naona mlango wa kabati umefunguliwa. Ni wewe au ni mwizi?"

"Mwizi angekupokelea simu, mjukuu?"

Binti akacheka. Kesho yake mlango ukafunguliwa tena, na vumbi halikuwepo. Ikawa ndiyo desturi yao baada ya chai. "Ni mimi." "Najua ni wewe, babu. Umeamkaje?" "Nimeamka, mengine ni nyongeza." Mazungumzo hayakuwa marefu kuliko kunywa maji, lakini siku nilizomtembelea nilimwona kwa macho yangu akivaa shati safi na kuchana nywele kwenda kufungua kabati.

Bosi wa ofisi akachoka kuuona mlango huo mwekundu kwenye skrini kila siku. Akaamuru tahadhari ya mlango izimwe. Binti alipiga kumwarifu, kwa sauti ya chini.

"Usinichukie, babu."

"Nikuchukie kwa lipi? Mlango ni wenu."

Tangu hapo simu ilikaa kimya mezani.

Ndege wakajenga kwenye antena. Hakuna aliyemtuma akatoe viota. Mawimbi yalifika salama navyo vikiwepo. Akapanda tu, mikono ilikuwa imechoka kukaa. Wakati wa kushuka mguu ukakosa ngazi, akaangukia nyonga. Ikavunjika. Simu ilikuwa nyumbani, na nyumba, ingawa si mbali, iko chini ya mteremko wa mawe. Lakini kabati lilikuwa pale pale mguuni pa mlingoti. Akajikokota, akavuta mlango, akatega sikio kuelekea nyumbani.

Kimya. Akaufunga, akaufungua tena. Kimya. Ndipo akakumbuka.

Angeizima redio, wangekuja mbio na mji mzima nyuma yao ukilalamika. Anasema mkono ulifika kwenye swichi, ukarudi. Redio haijapata kunyamaza mikononi mwake, na mjini kuna hospitali, kuna wenye watoto wachanga. Badala yake akachomoa waya wa sola unaochaji betri. Redio ikaendelea na kazi, ila betri ikaanza kuisha polepole kama mshumaa. Ikishuka sana, mashine yenyewe italalamika ofisini kabla ya kuzimika. Akalala kando ya kabati, akingoja betri iugue ili yeye apone.

Jua likampiga, umande ukamlowesha, jua likarudi. Mchana huo simu ikaanza kulia nyumbani. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Asingeweza kuifikia. Akawa anaijibu pale pale chini, kwa midomo iliyokauka: "Ni mimi, mjukuu. Ni mimi."

Mafundi wawili walifika alasiri na betri mpya begani. Wa mbele alipomwona, akaitua.

"Mzee! Sisi tumefuata betri!"

"Betri ni nzima," akawaambia. "Rudisheni huo waya kwanza, maji ya watu yasikatike. Halafu mnibebe."

Alipotoka hospitali nilimleta kwangu. Bosi akaja na matunda, akamsifu hadi nikaona haya. Kisha akasema, kwa adabu zote, kwamba muda wote aliolala pale redio haikukosea hata kidogo, kwa hiyo kampuni imeona kilima hakihitaji mtu. Mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Mwenyewe ndiye aliyekataa inyamaze.

Sasa anatembea kwa gongo. Binti hupiga mara moja moja. "Kule juu kukoje?" "Kijani, babu. Kijani kitupu." "Vizuri." Na maneno yanaishia hapo.

Asubuhi baada ya chai huenda kwenye kabati langu la vyombo, akafungua mlango, akasimama. Hatoi kikombe, hatoi sahani. Siku moja nikamwuliza kutoka jikoni, "Ni wewe au ni mwizi?"

"Ni mimi, dada," akasema, akaufunga taratibu. Hakucheka. Haikuwa sauti aliyokuwa akiingoja.