Fundi Aliyeuliza Moteri ni ya Nani

Mwaka ule nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Uvira, na nilikuwa na swali ambalo walimu wenzangu walikuwa wamechoka kulisikia. Lilitoka katika kitabu cha Kifaransa kilichokosa jalada, kuhusu vita vya yule jenerali wa Ufaransa aliyejivika taji mwenyewe. Kilieleza jinsi meli za biashara za Waingereza zilivyovuka bahari kwa makundi, zikilindwa na manowari, na jinsi mabaharia wa Kifaransa waliotekwa walivyosafirishwa mara nyingine humo humo, katikati ya shehena. Hilo nililielewa. Nisichoelewa ni amri kwamba meli zote ziende kwa mwendo wa ile iliyo nzito kuliko zote. Mwenye meli nyepesi alikubalije? Na yule mfungwa, adui wa mlinzi wake akitokea, aliomba nini moyoni?

Basi nikatumwa Baraka kusimamia mitihani. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na ziwani wanyang'anyi walikuwa wakivizia, kwa hiyo hakuna boti iliyoruhusiwa kutoka bandari ya Kalundu peke yake. Tuliondoka asubuhi, boti sita za mbao zenye chumvi, sabuni na saruji, na boti mbili za askari wa majini, moja mbele, moja nyuma. Katika boti yetu walipandishwa wafungwa kumi na wawili waliokuwa wanapelekwa Baraka kuhukumiwa. Waliketishwa juu ya mifuko ya saruji, wamefungwa kamba wawili wawili. Mimi nilikaa karibu nao kuliko ilivyolazimu, kwa sababu ya kile kitabu.

Boti ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja muuza chumvi, na ilikuwa inajikokota. Kila mara nahodha wetu alipunguza mwendo kuingoja. Nilimuuliza kwa nini asitangulie, na moteri yake, yaani injini, ina nguvu.

"Mwalimu, mwaka jana nilitangulia," alisema. "Walinivua mpaka viatu."

Tulipoipita Makobola, moteri ya yule mama ikazimika. Komanda wa askari, aliyekuwa katika boti yetu pamoja na wafungwa, akaamuru boti zote zisimame, na ya mama tukaivuta tukaifunga ubavuni mwa yetu. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuinua maji. Dereva wake alivuta kamba ya kuwashia tena na tena, isiwake, na abiria wakaanza kunung'unika.

Mmoja wa wafungwa, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi vya fundi, alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza.

"Haijakufa," alisema. "Mafuta yake iko na maji."

Komanda akamfungua kamba mwenyewe. Yule fundi akavuka, akachuchumaa mbele ya moteri, lakini hakuigusa.

"Mama, hii moteri ni ya nani?"

"Ya nani tena? Ni yangu. Marehemu bwana yangu aliniachia."

"Hakuna muntu atakuja kusema ni yake?"

"Hakuna."

"Basi umwambie komanda, miye nikisikia."

Yule mama alishangaa, lakini akageuka akamwambia komanda. Hapo ndipo fundi alipoomba ufunguo. Alimwaga mafuta katika chupa, akatuonyesha maji yaliyotuama chini, akapuliza mirija na kuifuta kwa pindo la shati lake. Moteri ikakohoa mara mbili, ikawaka. Akarudi kwetu na kunyoosha mikono ifungwe.

Sikuweza kunyamaza. Nilimuuliza kwa nini alitaka kwanza kujua mwenye moteri.

"Niko hapa sababu ya moteri, mwalimu. Watu walinileteaka moteri imeharibika, nikatengeneza. Kesho yake wakaendea nayo kuiba boti. Serikali inasema niko mwenzao. Sikuuliza, ndiyo kosa yangu."

Nikamuuliza lile swali la kitabuni, ingawa sauti yangu ilishuka: kama wanyang'anyi wangetokea sasa hivi, angefurahi?

Alitazama milima ya upande wetu, halafu boti ya askari.

"Ni walewale. Wakitokea, kitu ya kwanza wataniuliza ni nani aliwataja kwa serikali."

"Na uliwataja?"

"Niliwataja."

Nilimpa nusu ya muhogo wangu, akaugawa na yule aliyefungwa naye. Mara mbili nilimwona akigeuka kuhakikisha kwamba askari wa nyuma bado wapo.

Tulifika Baraka alasiri. Wafungwa walishuka kwa mstari, na yule mama, badala ya kusimamia chumvi yake ikipakuliwa, aliwafuata kwa miguu. Baadaye shemeji yangu, karani wa pale mahakamani, alinisimulia kwamba mama huyo alitaka jina lake liandikwe kuwa shahidi wa yule fundi. Waliposema hajui lolote kuhusu kesi, alijibu kwamba anajua namna mtu huyu anavyofanya kazi. Alikaa Baraka siku tisa akiuza chumvi rejareja, mpaka kesi iliposikilizwa. Komanda naye aliitwa, akaeleza alichokiona na kusikia ziwani.

Mahakama ilimwachia fundi. Mitihani ilikuwa imekwisha, nikarudi katika msafara uleule waliorudi nao yeye na yule mama. Boti ya yule mama haikuwa ya mwisho tena. Fundi ndiye aliyeiendesha sasa, amekaa nyuma, mkono juu ya moteri, na tulipokaribia Makobola nilimwona akipunguza mwendo kuingoja boti nyingine iliyokuwa inajikokota nyuma.