Changu Aliyemeza Ndoana

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti wa samaki kule Kimbiji, niliua samaki aina ya changu mbele ya Mkuu wa Kituo. Kazi yetu ilikuwa kuvua kwa mshipi, kumpima samaki, kumvisha kipande cha plastiki chenye namba, kisha kumrudisha baharini akiwa hai. Changu yule alikuwa ameimeza ndoana hadi kooni. Niliingiza koleo, nikavuta. Ndoana ilitoka na vipande vya matamvua, viungo vyekundu ambavyo samaki hupumulia.

Mkuu alimtazama samaki, kisha mimi. "Hongera, bwana. Umeokoa ndoana."

Akaongeza kwamba akifa mwingine mkononi mwangu, nitarudi kwetu Temeke nikapige msasa makochi kwa mafundi seremala wa Keko.

Alinifundisha njia yake. Mikono ilowe kwanza, ili isimvue samaki ute unaomkinga. Asitolewe majini bila sababu. Ikiwa ndoana imezama, koo lisiguswe: mshipi ukatwe karibu na mdomo, aende nayo.

Nahodha wetu, Mzee Salum, alinigeukia akicheka. "Chuma tumboni, msomi! Wewe ungepona? Huyo anakwenda kufia mbali usimwone."

Neno la Mkuu lilikuwa neno tu, sawa na la nahodha. Niliomba changu mwingine wa namna ile, akishakatiwa mshipi, tumweke kwenye tangi la maji ya bahari.

"Na akifa?" aliuliza Mkuu.

"Nitakwenda Keko."

Siku nne changu hakula. Kila asubuhi Mzee Salum alichungulia tangini: "Shikamoo, marehemu." Mimi nilikuwa nimekwisha kukunja nguo zangu. Siku ya tano nilitupa kipande cha ngisi. Changu alikidaka kwa kishindo, maji yakamrukia nahodha usoni.

"Marehemu ana njaa," alisema, akijifuta. Tangu siku hiyo alivaa mkasi shingoni, ameufunga kwa mshipi.

Nilimkimbilia Mkuu kwa furaha. Hakuinua kichwa. "Samaki mmoja si ushahidi. Endelea."

Niliendelea hadi kustaafu. Wengi walipona, waliokufa niliwaandika pia. Mkasi wa Mzee Salum, Mungu amrehemu, uko ukutani kwangu Kinondoni. Vijana wakija kuniuliza kama ni kweli samaki hupona, nawaonyesha mkasi, kisha nawaambia wasiniamini: waende wakajaze tangi.